Uzi: Boti ya kuangalia nyangumi na barafuto (mito ya barafu) Alaska, tukiwa na mtoto wa chini ya miaka 2. Tuchague ipi?

BintiRaskazone
Assalam aleikum, na habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, maana humu najua wamo mabaharia, manesi na Watanga waliotawanyika dunia nzima.

Dada yangu anaishi Anchorage, Alaska. Juni ijayo Mungu akipenda tunakwenda kumtembelea, mimi, mume wangu na mwanetu ambaye atakuwa na mwaka 1 na miezi 10. Viza na tiketi ni mambo yetu, msianze nayo. Kinachotugombanisha humu ndani ni boti. Dada katuma matangazo ya boti za watalii: ipo ya mwendo wa saa 1, ya saa 4, ya saa 6, mpaka ya saa 8 na nusu. Zote zimebandikwa picha ileile ya nyangumi karuka juu na ukuta wa barafu wa buluu nyuma yake. Mume wangu kaing'ang'ania ile ndefu, anasema mtu hatoki Tanga akaenda mpaka kule kutazama barafu kwa mbali. Mimi namtazama huyu mtoto, ambaye hata kwenye bajaji ya kutoka Raskazone hadi Ngamiani hatulii, najiuliza saa 8 na nusu nitazimalizaje naye.

Mngekuwa nyinyi mngepanda ipi?

WajaLeo
Nimevuta kiti, kahawa hii hapa. Uzi wa barafu kutoka mji wa joto kama huu siukosi 😂

KijanaWaMabawa
Mumeo yuko sahihi. Nimewahi kufanya kazi meli za watalii huko kaskazini, nakwambia barafuto inayoishia baharini ni kitu kingine. Ule ukuta unamong'onyoka, kipande kikubwa kinaporomoka majini, na mlio wake unakufikia baadaye kidogo, mfano wa radi. Boti fupi za bandari ya Seward zinazunguka ndani ya Ghuba ya Resurrection tu. Mtaona wanyama, lakini barafu mtaonyeshwa kwa kidole. Zinazofika kwenye barafuto za Holgate na Aialik ni za saa 6 na kuendelea. Ile ya saa 8 na nusu inaingia mpaka Northwestern, ndani kabisa. Mtoto atalala njiani.

BintiRaskazone
Kaka, "mtoto atalala njiani" ndiyo kauli ya mume wangu neno kwa neno. Hivi nyie wanaume mnafundishwa wapi 🙄

NahodhaMstaafu
Wajukuu, mimi Alaska sijafika wala sitarajii. Lakini bahari ni bahari. Swali la kwanza siyo saa ngapi, wala mtaona nini. Swali ni boti inapita maji gani. Ndani ya ghuba muda wote, au inatoka nje kwenye bahari kuu na kuzunguka rasi? Mtu anayekwenda Kisiwa cha Toten na anayevuka kwenda Pemba wakati wa kusi (upepo mkali wa kusini) wote "wamepanda chombo", lakini hawakusafiri safari moja. Uliza hilo kwanza, hayo ya picha baadaye.

BintiRaskazone
Shikamoo mzee wangu. Hilo swali wala sikulifikiria. Ngoja nimuulize dada.

MlimaSpenard
Marahaba kwa wote walioniamkia kimoyomoyo 😄 Mimi ni mzaliwa wa Makorora, naishi Anchorage. Mzee hapo juu kagusa penyewe, acha niwape jiografia.

Kuna bandari mbili. Ya kwanza Seward, kusini, kama km 204 kwa barabara, saa 2 na nusu hivi ukiendesha bila kusimama, na hamtaacha kusimama. Huko ndiko kuna boti za Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords. Boti ikishatoka Ghuba ya Resurrection kwenda Aialik lazima izunguke Rasi ya Aialik, na pale imeikabili Ghuba ya Alaska waziwazi. Hakuna kisiwa cha kukukinga. Siku nzuri inapita kama imepakwa mafuta, siku mbaya nusu ya abiria wameshika mifuko ya karatasi. Huwezi kujua ni siku ipi wakati unakata tiketi mwezi Machi.

Ya pili ni Whittier, karibu zaidi, kama km 97 kutoka Anchorage. Boti zake zinaingia Prince William Sound, bahari iliyozungukwa na milima na visiwa, maji yake yametulia kiasi kwamba kampuni moja hujitangaza kuwa hutachafukwa roho. Na barafuto zinazofika mpaka baharini zipo hukohuko, Blackstone na Beloit ziko jirani kabisa na bandari. Kwa hiyo si kweli kwamba lazima muende saa 6 za bahari kuu ndipo muone ukuta ukimong'onyoka. Kinachopungua Whittier ni wanyama. Fisi maji wa baharini na sili waliojilaza juu ya vipande vya barafu mtawaona, ila nyangumi ni bahati zaidi kuliko Seward.

Ukitaka barafu bila kutikiswa, Whittier. Ukitaka wanyama, Seward. Matangazo hayakwambii hivyo kwa sababu kila moja linakuuzia vyote.

KijanaWaMabawa
Haya mkuu, Whittier sikuitaja kwa sababu sikuifanyia kazi. Ila nyangumi je? Mtu atoke Tanga asione nyangumi?

NahodhaMstaafu
Nyangumi wako hapahapa. Kuanzia Julai hadi Oktoba wale wenye nundu wanapanda kutoka bahari ya kusini kuja kuzalia maji yetu ya joto, wavuvi wa Pangani na Mafia wanawaona. Kijana amalize barafu huko, nyangumi atawakuta akirudi.

WajaLeo
Mzee kamaliza mchezo.

NesiWaChumbageni
Dada, mimi naingia na la afya maana nimeona hakuna aliyeligusa. Watoto wa chini ya miaka 2 kwa kawaida hawachafukwi na bahari kama sisi, shida hiyo huanza zaidi baada ya hapo na hushika kasi wakishafika umri wa shule. Kwa hiyo usiogope kutapika kwa mtoto, ogopa kutapika kwa mama. Ukiwa umelala chali kwenye kiti huna habari, nani anamkimbiza huyo wa mwaka 1 na miezi 10 kwenye ngazi za chuma?

La pili, na hili naliandika kwa herufi kubwa: USIMPE MTOTO DAWA YA KICHEFUCHEFU KWA SHAURI LA MUUZA DUKA. Prometazine, ambayo watu hununua kama njugu, ni marufuku kabisa chini ya miaka 2, inaweza kumzuia kupumua. Wazungu nao wana vidonge vyao vya safari vyenye dimenhidrineti, navyo kwenye pakiti vimeandikwa si kwa chini ya miaka 2. Wewe na mume wako mezeni za kwenu kabla ya kupanda, siyo baada ya roho kuanza kuchafuka, halafu chagueni zisizoleta usingizi sana. Mmoja wenu abaki macho.

BintiRaskazone
Dada nesi ubarikiwe. Mkwe wangu alishaninunulia hiyohiyo ya kumwekea mtoto kwenye begi. Naitoa sasa hivi.

NahodhaMstaafu
Naongeza la kukaa. Kaeni sitaha ya chini, katikati ya chombo au kuelekea tezi (nyuma). Omo (mbele) ndiko kunakoruka. Watu wanakimbilia omo kupiga picha kisha wanashangaa matumbo. Na kama ikibidi kutapika, tapikieni upande wa demani, yaani unakoelekea upepo. Ukitapikia joshini, unakotoka upepo, utakurudishia chote, na jirani yako atapata fungu lake.

WajaLeo
🤣🤣🤣 Fungu lake!

MamaPachaPangani
Samahani kwa kuchelewa. Mimi wangu ni pacha, tumewahi kupanda nao boti kwenda Kisiwa cha Maziwe kutoka Pangani, na mto Wami kule Saadani kuangalia viboko na mamba. Kilichonifundisha Wami ni kwamba mtoto wa umri huo haangalii unachokilipia. Viboko wako pale wamejaa, mwenzenu anashughulika na kamba ya boti na kofia ya mwendeshaji. Saa moja na nusu ya kwanza ilikuwa raha tupu. Baada ya hapo ni "chini, chini, chini", na boti haina chini.

Kwa hiyo mimi naona hata saa 4 ni nyingi. Ile ya saa 1 uliyoitaja ni ipi? Mbona hakuna anayeisemea?

MlimaSpenard
Ya saa 1 ni ya Ziwa Portage, iko njiani kabla ya Whittier, kama km 80 kutoka Anchorage. Ni ziwa, si bahari, na Barafuto ya Portage inaishia humo majini. Boti ina sehemu ya ndani yenye joto na vioo, inakwenda mpaka mbele ya barafu, inasimama, inarudi. Inaondoka mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo mtoto akiwa kanuna mnasubiri inayofuata. Watu wa hapa wengi wanaidharau, wanasema ya wazee. Mimi kila nikipata wageni wenye watoto naanza nayo, na bei yake iko chini sana ya zile nyingine. Za nusu siku baharini mtu mzima analipa zaidi ya dola 100, na bei hubadilika kila msimu.

Wanyama hamtawaona ziwani. Lakini karibu na hapo, kando ya barabara, kuna kituo cha Alaska Wildlife Conservation Center, unapita na gari au kwa miguu, kuna dubu na nyati wa huko na wengineo. Mtoto aliyekwishachoka anamwona dubu akiwa kiti cha nyuma na chupa yake mdomoni. Mkifika Seward napo, Alaska SeaLife Center imefunguliwa tangu 1998, sehemu ya fedha zake zilitoka kwenye fidia ya ile meli ya mafuta Exxon Valdez iliyomwaga mafuta Prince William Sound mwaka 1989. Mtoto anasimama mbele ya kioo, simba wa bahari anapita hapa puani mwake, na ndege wanaoitwa pafini, wale wenye midomo ya rangi kama wamepakwa, wanapiga mbizi mbele yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 hiyo inaishinda boti yoyote.

KijanaWaMabawa
Sasa mnamfanyia mtoto safari au wazazi? Mtoto hatakumbuka chochote. Watakaokumbuka ni hao wawili waliokusanya hela miaka.

MamaPachaPangani
Ndiyo hapo. Mtoto hatakumbuka, lakini mama atakumbuka saa 8 za kumbembeleza mtu anayelia mbele ya wageni waliolipa. Hilo wewe halikuhusu kwa sababu hukumbeba.

NesiWaChumbageni
👏

BintiRaskazone
Msigombane jamani. Kaka Mabawa ana hoja, hela kweli tumekusanya. Swali jingine: huyu mtoto nimezoea kumbeba kwa mbeleko, naweza kumfunga mgongoni tukiwa kwenye boti?

NahodhaMstaafu
Ndani, mmekaa, sawa. Ukitoka nje kwenye sitaha, mfungue. Mtoto aliyefungwa kwa mamaye akianguka majini hawezi kuelea peke yake hata kama mama ana jaketi okozi, na jaketi lenyewe halikai vizuri juu ya mbeleko. Nje mshike mkono, au mbebe kiunoni na mkono wako mwingine uko kwenye reli. Mkipanda tu, kabla ya kutafuta viti, mwulizeni baharia jaketi za watoto ziko wapi. Iwepo ya kipimo chake, yenye kola ya kuinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu, isimvuke kichwani. Mjaribisheni palepale gatini. Sisi wa mwambao huu baada ya Spice Islander mwaka 2011 hatuna tena ruhusa ya kuona aibu kuuliza mambo ya jaketi.

MlimaSpenard
Boti za watalii hapa zinakaguliwa na walinzi wa pwani wa Marekani, jaketi za watoto zipo, na nahodha anatoa maelezo kabla ya kuondoka. Ila mzee kasema kweli, iombe mapema. Pia ulizeni kampuni kama inapokea watoto wadogo, maana baadhi ya boti ndogo zinakataa. Kigari cha mtoto acheni kwenye gari, njia za ndani ni nyembamba.

WajaLeo
Na baridi? Hakuna aliyesema baridi. Mtu wa Tanga Juni akienda Lushoto tu anarudi na mafua.

MlimaSpenard
Mjini Juni si mbaya, nyuzi 15 mpaka 18 mchana, watoto wa hapa wanakimbia na fulana. Majini ni habari nyingine. Boti ikikaribia barafuto upepo unashuka kutoka juu ya barafu, maji yenyewe ni nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mtoto kofia ya masikio, glovu zenye kamba asizitupe, suruali mbili, koti lisilopitisha upepo. Na nguo za kubadili, kwa sababu atamwaga kitu.

MamaPachaPangani
Makoti hayo usinunue huko, ni bei. Nenda mitumba ya Ngamiani, marobota ya watoto yanatoka na makoti ya theluji mazito ambayo hapa hayana mnunuzi, muuzaji atakushukuru. Halafu mpeleke Lushoto siku mbili mwezi huohuo kabla ya safari, uone kama analivaa au analivua. Bora vita vya koti uvimalize Lushoto.

NesiWaChumbageni
Hilo la Lushoto nimelipenda. Jingine ni usingizi. Anchorage na Tanga mnaachana saa 11, na Juni huko jua linakaa juu karibu saa 19. Mtoto atakuwa macho usiku wa manane na kulala mezani. Msikate boti ya siku za mwanzo. Subirini arudie ratiba, kisha mkate inayoendana na usingizi wake: kama analala saa 7 mchana, pandeni ile inayoondoka muda mfupi kabla, alale boti ikiwa inakwenda na aamke mkiwa mbele ya barafu.

MlimaSpenard
Asubuhi upepo huwa mdogo kwa kawaida, mchana unaamka. Kwa Seward ningesema asubuhi. Kwa Whittier na Portage haina tofauti kubwa, fuateni usingizi wa mtoto.

Kuhusu Whittier kuna jambo linawaliza wageni. Unaingia kwa handaki moja la km 4, njia moja, magari na treni wanapokezana. Kutoka upande wa Anchorage linafunguliwa kila saa ifikapo na nusu, kutoka Whittier linafunguliwa saa kamili. Ukikosa zamu unakaa foleni karibu saa nzima na mtoto analia kwenye gari, huku boti inaondoka. Fikeni zamu moja kabla ya ile mnayodhani inatosha.

Na njiani mtapita kando ya Turnagain Arm. Maji yakitoka mtaona tope pana, tambarare, kama ufuo wetu maji yakiwa yametoka bamvua (siku za maji makubwa), na mtoto atataka kushuka. Msimshushe. Lile tope la barafuto linanasa mguu, linakaza, na maji yanarudi kwa kasi, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 9. Watu wamekufa pale.

NahodhaMstaafu
Mita 9! Hapa bamvua kubwa haifiki hata nusu ya hiyo. Hayo maji ningependa kuyaona.

KijanaWaMabawa
Basi mimi nina pendekezo la amani. Siku moja wagawane. Mume na mume wa dada waende Seward ile ya saa 6, wakapigwe mawimbi huko Aialik. Mama, dada na mtoto wabaki SeaLife Center na kutembea bandarini. Kila mtu anapata chake. Halafu wote kwa pamoja wanapanda ya Whittier siku nyingine.

MlimaSpenard
Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote zilizotajwa. Na siku hiyohiyo akina mama mkipata gari, kutoka Seward mjini kuna barabara ya lami hadi Exit Glacier, dakika 20 hivi. Kuna njia tambarare ambayo kigari cha mtoto kinapita, mnaiona barafuto bila kupanda chombo chochote. Njiani kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilikuwa imefika wapi, kuanzia miaka ya 1800. Unatembea kutoka kibao hadi kibao mpaka unaona aibu kwa jinsi ilivyorudi nyuma. Obama alitembea hapo mwaka 2015.

BintiRaskazone
Nimewasomea wote nyumbani kwa sauti. Nilipofika kwenye "wakapigwe mawimbi" mume wangu akakubali papo hapo, naona anajua atakuwa huru siku nzima. Kwa hiyo: Portage kwanza, ya saa 1, tuone mtoto anasemaje. Akituruhusu, Whittier ile fupi ya Blackstone, tukate tiketi ya kuendana na usingizi wake. Seward waende wanaume, sisi tubaki na simba wa bahari. Ile ya saa 8 na nusu imefutwa kwenye daftari.

Mwezi ujao tunampeleka mtoto mto Pangani asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, tuone anakaa kwenye boti muda gani. Nitaleta mrejesho.

NahodhaMstaafu
Mto wa Pangani mzuri kwa kuanzia. Msitoke mlangoni mwa mto, pale mkondo na mawimbi ya kusi vinagongana.

MamaPachaPangani
Mkija Pangani niandikie. Na hilo koti la theluji likishamaliza kazi usilitupe, wangu wanakua.

WajaLeo
Mimi naomba lile la baba.